Maji ya Tope Kabla ya Kufika Mferejini



Ndugu msomaji, huenda unausoma ukurasa huu zikiwa zimebaki saa mbili au tatu adhana ya Magharibi isikike, na koo limekauka. Basi uniwie radhi kwa kukutajia maji wakati kama huu. Nina kisa cha nyumbani nataka kukusimulia kwanza, halafu tuingie katika historia yenyewe.

Utakumbuka Ramadhani ya 2020. Iliingia mwishoni mwa Aprili, misikiti imefungwa kwa sababu ya korona, tarawehe tunaswali sebuleni, na mvua inanyesha kana kwamba haitakoma. Ploti yetu hapa Eastlands ina mfereji mmoja uani. Siku hizo mfereji ukakauka. Siku ya kwanza tukasema ni mgao tu. Siku ya pili tukamaliza maji ya pipa. Siku ya nne mamangu akasimamisha mkokoteni, akanunua mitungi minne ya lita 20, na tulipomimina mtungi wa kwanza kwenye beseni, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Muuzaji alishaenda zake.

Mamangu si mtu wa kukubali jambo ovyo. Alimpigia simu maalim wa mtaani. "Assalaam alaykum maalim. Maji tuliyopata yamechanganyika na udongo. Yatufaa?" Maalim akajibu bila kusita, "Waalaykum salaam mama. Yafaa, udongo hauondoi tahara ya maji. Tawadheni, mswali." Mamangu akatulia. Akatia dawa ya klorini, kifuniko kimoja kwa kila mtungi, akangoja nusu saa, na maji yale tukayatumia kwa udhu, kwa kupikia, na kwa kuchanganyia juisi ya futari. Kesho yake mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, alianza kuharisha. Kufikia usiku macho yalikuwa yamezama ndani. Tulimtoa wakati wa kafyu, babangu amembeba mgongoni, tukiomba tusikutane na askari. Alhamdulillahi alirudi nyumbani baada ya siku mbili. Lakini mamangu alibaki akijiuliza, "Nilikosea wapi? Nimemuuliza maalim, nimetia dawa."

Miaka baadaye nilipoanza kusoma kemia chuo kikuu, swali la mamangu likanirudia. Na kadiri nilivyolifuatilia ndivyo nilivyoona kwamba watu kabla yetu, wengine wakiwa wahandisi wenye shahada zao, walikosea pale pale.

Tuanze na maalim. Yeye hakukosea hata kidogo. Sote tuliopita madrasa tumesomeshwa kwamba maji yaliyogeuka kwa sababu ya udongo wa mahali yanapopita, au kwa kukaa sana, yanabaki kuwa maji mutlaki. Ni tahiri yenyewe na yanatahirisha. Fiqhi inatuelekeza tuangalie rangi, ladha na harufu kama vimegeuzwa na najisi. Aliulizwa swali la udhu akajibu swali la udhu. Ila mamangu, bila yeye mwenyewe kutambua, alikuwa na maswali mawili mdomoni kwa neno moja la "yatufaa". La kwanza: maji haya yataniondolea hadathi? La pili: maji haya yatamuuguza mwanangu? Kijidudu cha kipindupindu hakina rangi, hakina ladha, wala hakina harufu. Swali la pili linataka elimu nyingine, na Waislamu waliotutangulia hawakuidharau elimu hiyo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika Qanun yake namna ya kuyatengeneza maji mabaya kwa kuyachemsha na kuyachuja, na aliandika hivyo karne nane kabla ya mtu yeyote kujua kuna kitu kinaitwa bakteria.

Na ile klorini je? Hapa ndipo penye fundo. Tope la mtoni si udongo mtupu. Ndani yake mna majani yaliyooza, samadi, na kila kilichosombwa na mvua kutoka mashambani na vyooni. Klorini haichagui adui. Ukiimimina kwenye maji kama yale, inaanza kupambana na uchafu wote ule, na inaisha nguvu kabla haijawafikia vijidudu wenyewe. Isitoshe vijidudu vingine huwa vimejibanza katikati ya chembe za udongo, dawa inapita nje kama mvua inayonyesha juu ya mabati na mtu amelala ndani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji yawe meupe kabisa kabla ya kutiwa klorini. Kipimo cha utope wa maji kinaitwa NTU. Inapendekezwa maji yawe chini ya 1 kabla ya klorini. Yakipita 5 hata jicho lako linaanza kuona ukungu. Mto uliofurika wakati wa masika unaweza kupita mia kadhaa, hata elfu. Kwa hiyo tope kwanza, vijidudu baadaye. Ukigeuza utaratibu huo, dawa yako ni ya kujifariji tu.

Sasa, tope unalitoaje? Utasema, nitayaacha yatulie. Sawa, mchanga utazama kwa dakika chache. Lakini udongo wa mfinyanzi ni hadithi nyingine. Chembe zake ni ndogo mno, na kila moja ina chaji ya umeme ya aina moja, chaji hasi, kwa hiyo zinakimbiana. Zinaelea humo siku nyingi bila kushikana. Ukizitia kitu chenye chaji chanya, ule uadui unakatika. Zinaanza kugandana, zinakuwa vitonge kama pamba chafu, vitonge vinakuwa vizito, vinazama. Juu maji yanabaki meupe. Kitu kinachotumika sana kwa kazi hiyo duniani kote wewe unakijua tangu utotoni. Ni shabu. Naam, ile ile jiwe la shabu ambalo kinyozi anakupaka baada ya kukunyoa, likakuwasha mpaka machozi! Mitamboni wanatumia ndugu yake wa karibu, chumvi nyingine ya alumini, lakini kazi ni moja.

Watu wa mto Naili walilijua jambo hili kwa vitendo zamani sana. Kila mwaka Naili ilipofurika maji yalibadilika yakawa mazito mekundu, na mji mkubwa kama Kairo haukuwa na maji mengine. Wachota maji waliyabeba kwa viriba, wakajaza masabili, yale majengo ya wakfu ambapo mpita njia hunywa bila kulipa. Mwanachuoni wa Kiingereza Edward Lane, aliyeishi Kairo katika miaka ya 1820 na 1830, aliandika alivyowaona wenyeji wakisugua lozi chungu zilizopondwa ndani ya ukingo wa mtungi, wakaacha maji yatulie, tope likashuka chini. Daktari wa Kiitalia Prosper Alpini alikuwa ameandika habari ya lozi hizo tangu mwishoni mwa karne ya 16. Huko juu Sudan, wanawake wa vijijini walitumia aina maalumu ya udongo, na pia mbegu za mti ambao wao wenyewe wanauita shagara al-rauwaq, yaani mti wa kusafisha maji. Ukiuona utaujua. Ni mlonge, huu huu ambao siku hizi unauzwa unga wake mtaani kwa mia mia eti unatibu kila kitu. Mtafiti Samia Al Azharia Jahn alikaa Khartoum akizichunguza njia hizi kwenye maabara, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1981 kilionyesha kwamba akina mama wale hawakuwa wakikisia. Mbegu ya mlonge ina protini yenye chaji chanya. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, huko Thyolo nchini Malawi, walijaribu mbegu hizo katika mtambo mzima wa maji na zikafanya kazi. Shida yake ni kwamba zinaacha mabaki kwenye maji, hivyo maji hayo hayafai kuwekwa muda mrefu.

Mimi hujiuliza kwa nini sisi Waswahili hatukurithi utaalamu wa namna hiyo. Naona sababu ni visima. Babu zetu wa Pwani walikunywa maji ya kisima, yaliyopita kwenye mwamba wa matumbawe yakachujwa na ardhi yenyewe. Magofu ya Gede hapo karibu na Malindi yamejaa visima virefu. Mtu aliyezoea maji ya kisima hana haja ya kujua namna ya kutoa tope. Tulipohamia bara tukakutana na mito, na tulikuwa hatuna mazoea nayo.

Wazungu nao walijifunza kwa mapigo. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia mji wa Hamburg, Ujerumani, kikaua zaidi ya watu 8,000. Mji jirani wa Altona, ambao ulitoa maji katika mto ule ule, tena sehemu ya chini inayopokea uchafu wa Hamburg, ulipona kwa kiasi kikubwa. Tofauti ilikuwa moja. Altona ilichuja maji yake kwa mchanga, Hamburg haikuchuja. Dunia nzima ikataka vichujio vya mchanga. Lakini kwa mto kama Ohio, Marekani, vichujio hivyo havikufaa! Ohio ilikuwa na tope jingi kupita mito ya Ulaya, na kichujio cha namna hiyo huziba upesi kwa tope jingi.

Kuanzia 1895 mji wa Louisville ulimpa kazi mhandisi George Fuller, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, ajaribu kila njia mpaka ipatikane moja inayoshinda tope lile. Alijaribu hadi 1897. Majibu yake ndiyo yanayotumika mpaka leo: acha mchanga mzito uzame kwanza, tia shabu, koroga, acha vitonge vizame, kisha ndipo upitishe kwenye mchanga, na mchanga huo uoshwe mara kwa mara. Mwaka 1902 mtambo mkubwa wa aina hiyo ukaanza kazi huko Little Falls, New Jersey, na mwaka 1908 Jersey City ikaanza kutia klorini katika maji ya mji wote. Angalia miaka hiyo vizuri. Shabu na mchanga vilitangulia, klorini ikaja mwisho, na ndani ya mtambo mpangilio uko vivyo hivyo.

Haya, turudi kwetu Nairobi, maana wakati Fuller anachunguza matope ya Ohio, reli ilikuwa inapanda kutoka Mombasa.

Jina lenyewe la mji wetu ni la maji. Wamaasai walipaita mahali pa maji baridi. Reli ilifika mwaka 1899, na mji mchanga haukukaa sana kabla ya kwenda kutafuta maji katika chemchemi za Kikuyu, magharibi ya mji. Maji ya chemchemi yalikuwa kama ya visima vyetu vya Pwani. Yanatoka ardhini yakiwa yamekwisha chujwa, kazi yako ni bomba tu. Lakini chemchemi haiongezeki kwa kuwa watu wameongezeka. Mwaka 1913 aliletwa Profesa Simpson kutazama afya ya mji, na ripoti yake ilisisitiza zaidi kutenga mitaa kwa rangi za watu. Ndipo katika miaka ya 1920 Waafrika wakawekewa Pumwani, na mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kikabomolewa, wazee wetu wengi wa Kiislamu wakahamia Pumwani na Shauri Moyo. Nyumba za Majengo walizijenga wenyewe kwa miti na udongo. Maji yalikuwa ya foleni, kwenye mifereji ya pamoja. Ukikaa na bibi zetu wa Majengo watakusimulia foleni hizo na ugomvi wake, nani aliweka debe mbele ya la nani.

Mji ukazidi kupanuka upande wetu. Kaloleni, Bahati, Makongeni, Jericho, baadaye Buruburu, Umoja, Dandora katika miaka ya 1970, kisha Kayole. Sensa ya 1969 ilihesabu Nairobi nzima watu 509,286. Ya 2019 ilihesabu karibu milioni 4.4. Watu kiasi hicho huwezi kuwanywesha kwa chemchemi. Ikabidi mji uende mitoni, kwanza mto Ruiru, kisha bwawa la Sasumua katika miaka ya 1950, kisha mto Chania katika miaka ya 1970, na mwaka 1994 likakamilika bwawa la Thika ambalo wengi wetu tunaliita Ndakaini, lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70. Hapo ndipo Nairobi ilipoacha kutegemea maji meupe ya ardhini ikakumbatia maji ya mto, na pamoja na mto ikakumbatia tope.

Maji ya Ndakaini yanateremka kwa mahandaki, yanaungana na ya mito midogo hadi Mwagu kwenye mto Chania, na kutoka hapo yanaingia mtambo wa Ng'ethu. Mtambo huo ulijengwa kwa awamu, na sehemu kubwa ya maji ya Nairobi imekuwa ikisafishwa pale. Mwaka 2022 uliongezwa mtambo wa Kigoro, wa lita milioni 140 kwa siku. Yakishasafishwa Ng'ethu, maji yanashuka kwa mteremko mpaka matangi ya Gigiri, halafu ndipo yaanze safari ya kuja mitaani. Tazama ramani uone sisi wa Eastlands tuko wapi katika safari hiyo. Wengi wetu tuko mkiani kabisa.

Darasa letu lilipata kupelekwa kutazama mtambo wa aina hii. Nilidhani nitaona mashine kubwa za ajabu. Kitu kilichonishangaza zaidi ni gilasi sita zilizopangwa mstari mmoja mezani, kila moja ina maji ya mto wa asubuhi ile na kijiti cha chuma kinachozunguka ndani yake. Mfanyakazi, mzee mpole mwenye kofia ya sufi, anatia dawa kidogo kwenye ya kwanza, zaidi kidogo kwenye ya pili, hivyo hivyo mpaka ya sita. Vijiti vinazunguka kwa kasi dakika moja, halafu polepole sana, halafu vinasimama. Tukainama kuangalia. Gilasi ya kwanza bado chai ya maziwa. Ya tatu vitonge vimeanza kushuka. Ya nne maji meupe unaona ukutani upande wa pili. Nikadhani ya sita itakuwa meupe zaidi. La hasha, ya sita ilikuwa imechafuka tena! Mzee akacheka akatuambia, "Dawa ikizidi, udongo unakataa tena." Ukizidisha shabu, chembe zote zinageuka kuwa na chaji chanya, na uadui unarudi upya. Na shabu inafanya maji yawe makali kidogo, yakiwa makali mno vitonge havishiki, kwa hiyo inabidi kutia magadi au chokaa ya kusawazisha. Mvua ikinyesha usiku milimani, kipimo cha jana hakifai asubuhi. Inabidi gilasi sita zianze upya.

Hapo nikalielewa jambo ambalo lilinichanganya tangu 2020. Kwa nini mvua ikinyesha sana mfereji wa Eastlands unakauka? Watu mtaani husema ni njama za wenye maboza ya maji. Yawezekana mengine ni hayo, sibishi. Lakini kuna sababu isiyohitaji njama. Mto ukishakuwa tope tupu, mtambo unalazimika kutumia dawa nyingi, vichujio vinaziba upesi, vinaoshwa mara kwa mara, na maji yanayotoka yanapungua. Mambo yakizidi ni afadhali kufunga mlango wa mto kuliko kupitisha matope mjini. Na mafuriko yenyewe huvunja. Mei 2003 mvua kubwa iliharibu njia ya kumwagia maji ya ziada kwenye bwawa la Sasumua, na jiji likapungukiwa maji kwa muda mrefu baadaye huku mbingu zikimwaga. Maji yakipungua Gigiri, anayekosa kwanza ni wa mkiani. Mkokoteni unapandisha bei, na maji ya mkokoteni hujui yametoka wapi.

Tope lenyewe linatoka wapi? Si kwa Shetani. Linatoka kwenye mashamba ya Murang'a, Nyandarua na Kiambu, miteremko ile mikali inayolimwa mpaka ukingoni mwa mto, na barabara za udongo zisizo na mitaro. Mkulima anapoteza udongo wake mzuri, na udongo ule ule unakuja kuwa gharama ya dawa Ng'ethu. Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao kazi yake ni kuwasaidia wakulima kupanda nyasi za nepia kwa mistari kukata mteremko, kutengeneza matuta, na kuacha kingo za mito zikiwa na miti. Makadirio yao yalikuwa kwamba dola milioni 10 zikitumika huko juu, faida yake katika miaka 30 ingefika dola milioni 21.5. Mimi hizo hesabu za dola siziwezi, lakini ninaelewa kwamba ni rahisi kulizuia tope shambani kuliko kulikimbiza mtoni.

Sasa tuseme wewe uko Kayole au Majengo, mgao umekupita, na mtungi ulionunua una tope. Ufanyeje? Historia yote hiyo unaweza kuifanya jikoni kwako. Acha maji yatulie usiku kucha kwenye ndoo yenye kifuniko. Usiikoroge, mimina taratibu, na ule uji wa chini uache. Chuja kwa leso safi iliyokunjwa mara nne. Usiidharau leso. Huko Bangladesh akina mama waliochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa walipunguza kipindupindu karibu nusu, na utafiti huo ulitoka 2003. Kisha ndipo uchemshe mpaka yatokote sawasawa, au utie klorini na ungoje nusu saa. Kama bado yana ukungu, kipimo cha klorini ni mara mbili ya kile cha maji meupe. Hapo ndipo mamangu alipoteleza. Alitia kifuniko kimoja, cha maji meupe, kwenye maji ya tope yasiyotulizwa wala kuchujwa.

Kuna na vipakiti vyenye dawa mbili kwa pamoja, ya kugandisha tope na ya kuua vijidudu. Vilijaribiwa hapa hapa Kenya, upande wa Nyanza, ambako watu wengi walichota maji ya matope kwenye vidimbwi na mito. Boma 605 zilishiriki, na matokeo yakachapishwa 2005 katika jarida la madaktari la Uingereza. Kwa watoto wa chini ya miaka miwili, kuharisha kulipungua kwa robo kwa waliotumia vipakiti, na kwa asilimia 17 kwa waliotumia klorini peke yake. Klorini peke yake ilisaidia, sisemi ni bure. Lakini kwa maji ya tope, waliotoa tope kwanza ndio waliopata zaidi.

Nyumbani kwetu sasa kuna ndoo tatu chini ya meza ya jikoni, na mwenye zamu ya ndoo ni mdogo wangu yule yule. Kabla ya kutia klorini anajaza chupa ya plastiki, anaisimamisha juu ya karatasi iliyochapishwa, anachungulia kutoka juu kama herufi za chini zinasomeka. Juzi wakati wa daku nilimkuta amechukua jarida hili, toleo la mwaka jana, ameweka chupa juu ya kichwa cha habari, jicho moja amelifumba. Mamangu akamuuliza kutoka jikoni, "Vipi, tutie dawa?"

"Bado mama, hayajasomeka."